Samaki wa tangi anapovimba: tuangalie nini kabla ya kutafuta dawa?



Kati ya maswali yanayofika ofisini kwetu kuhusu miradi midogo ya ufugaji wa samaki, lipo moja linalorudi kila mara: samaki amevimba, sababu hatuijui, tumpe dawa gani? Mara ni samaki wa dhahabu kwenye tangi la kioo dukani Darajani, mara ni perege kwenye tangi la saruji uani huko Ng'ambo, mara ni samaki wa mwamba wanaofugwa ukumbini ili kuwavutia wageni. Wengi wanaouliza ni vijana na akina mama walioanza kwa mtaji mdogo, na hofu yao inaeleweka. Kwa mwenye samaki kumi na wawili wa kuzalishia, mmoja akivimba leo na wa pili kesho, mradi mzima uko hatarini.

Linalotusikitisha ni kwamba swali hili mara nyingi huja baada ya dawa kwisha kutiwa. Mtu ameona uvimbe asubuhi, mchana amenunua vidonge vya binadamu vya rangi mbili, jioni maji yamegeuka manjano na samaki wote wanahema juu ya maji. Kwa hiyo tumeona tuzitumie kurasa hizi kueleza namna ya kumchunguza samaki aliyevimba, hatua zipi zinasaidia, na lini dawa haina kazi. Msimamo wetu tunautaja mapema: uvimbe si ugonjwa, ni alama, na alama hiyo hiyo huletwa na mambo mengi yasiyofanana. Ndiyo maana hakuna "dawa ya uvimbe", hata kama muuza duka atakuambia ipo.

Kwa nini samaki huvimba

Samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, anaishi katika hali ambayo sisi tungeiona ya ajabu. Mwili wake una chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, na kwa kawaida maji husogea kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi, kama vile zabibu kavu zilizolowekwa zinavyonyonya maji na kufura. Basi maji humwingia samaki huyu usiku na mchana, hasa kupitia mashavu anayovutia pumzi, na figo zake hazipumziki. Kazi yake ni kuyatoa kwa mkojo mwingi na mwepesi. Siku figo au mashavu yakiharibika, maji yanaendelea kuingia lakini hayatoki tena. Tumbo linajaa, macho yanasukumwa nje, na magamba yanasimama mwili mzima kama ganda la nanasi.

Samaki wa bahari mambo yake ni kinyume. Bahari ina chumvi zaidi ya mwili wake, hivyo yeye hupoteza maji, na hulazimika kuyanywa maji ya bahari kisha kuitoa chumvi. Kwa sababu hiyo uvimbe wa kujaa maji mwilini tunauona zaidi kwa samaki wa dhahabu na perege kuliko kwa samaki wa mwamba. Na kwa sababu hiyo hiyo chumvi kidogo, kama tutakavyoeleza mbele, humpunguzia mzigo samaki wa maji baridi bila kuwa dawa ya kitu chochote.

Tuanze na maji

Mtuhumiwa wa kwanza ni maji, na hapa Unguja tuna sababu ya ziada ya kumtuhumu. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Maji ya visima, na hata yale ya chemchemi za upande wa Bububu yaliyoletwa Mjini kwa mabomba tangu enzi za Sultani Barghash (1870–1888), hupita katika mawe hayo na kubeba chokaa. Ni maji mazuri ya kunywa, ingawa sufuria na mabirika yetu yanajua habari zake. Kwa fundi wa sayansi, maji ya chokaa yana kipimo cha pH cha juu, mara nyingi kupita 7 na pengine kufika 8 au zaidi.

Jambo hili lina uzito kwa samaki. Samaki hutoa uchafu uitwao amonia kupitia mashavu yake, na chakula kilichobaki chini ya tangi nacho kikioza hutoa amonia. Amonia majini iko katika sura mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine yenye sumu. Maji yakiwa na joto la nyuzi 28, kama ilivyo kawaida hapa kwetu, na pH ya 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Maji yale yale yakiwa na pH ya 8, sehemu hiyo hufika asilimia 6 hivi. Ikiwa 8.5, hukaribia asilimia 18. Kwa maneno mengine, kiasi kile kile cha uchafu ambacho katika nchi ya baridi yenye maji laini kisingemdhuru samaki, katika tangi la Mji Mkongwe kinaweza kumuunguza mashavu. Ushauri unaotolewa kwa wafugaji wa Ulaya kuhusu idadi ya samaki katika tangi moja hautufai sisi bila kupunguzwa.

Tangi jipya la saruji huongeza tatizo, kwani saruji mbichi hutoa chokaa kwa wiki nyingi. Tangi hilo lijazwe maji, likae, limwagwe, lijazwe tena, na hali hiyo irudiwe kwa wiki kadhaa kabla ya samaki wa kwanza kuingia. Maji ya mvua yaliyokingwa juu ya mapaa ya chokaa ya nyumba za kale nayo si laini kama watu wanavyodhani.

Kuna pia suala la umeme. Amonia huondolewa na bakteria wema wanaoishi ndani ya chujio, na bakteria hao huhitaji maji yanayotembea yenye hewa. Wakazi wa Unguja hawajasahau mwaka 2008 tulipokaa takriban mwezi mmoja bila umeme wa gridi, wala ile miezi mitatu ya giza kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Lakini haihitaji miezi. Chujio likisimama kutwa nzima, bakteria wengi hufa, na amonia huanza kupanda siku zinazofuata huku mwenye samaki akiamini shida imekwisha kwa kuwa taa zimewaka. Uvimbe hujitokeza wiki moja au mbili baadaye, wakati hakuna tena anayekumbuka umeme ulikatika lini.

Kwa hiyo tunapoletewa habari za samaki aliyevimba, tunauliza kwanza: maji yalibadilishwa lini, kiasi gani, na yalitoka wapi? Je, umeme ulikatika? Samaki wapya waliingizwa? Chakula kimebadilishwa? Tangi lina lita ngapi na samaki wangapi? Mwenye kipimo cha amonia na pH apime. Asiye nacho asikae kusubiri: abadilishe robo hadi theluthi ya maji siku ile ile, na kesho yake tena. Maji ya mfereji yanayotiwa klorini yakae wazi kwenye ndoo kwa saa 24 kwanza. Maji ya kisima nayo yamiminwe kutoka ndoo hii kwenda ile mara kadhaa, kwa sababu maji yaliyotoka chini ya ardhi huwa na hewa safi kidogo mno. Kazi hii haina gharama, na tumeona mara nyingi kwamba inatosha.

Uvimbe ambao si ugonjwa

Kabla ya kwenda mbali tuzungumzie kosa linalowapata wafugaji wa perege karibu wote mara ya kwanza. Samaki amevimba taya la chini, amejitenga pembeni, hataki kula kabisa kwa siku kadhaa. Mwenye tangi anaona jipu la koo. Kumbe ni mama anayelea. Perege wa aina zinazofugwa kwetu huyabeba mayai mdomoni, na vifaranga wakianguliwa huwarudisha humo humo kila wanapoogopa. Kazi hiyo huchukua kama wiki mbili, na muda wote huo mama hali. Ukimshika kwa nguvu na kumfungua mdomo ili umtazame "jipu", atayatema mayai yote. Mwacheni.

(Perege wa Unguja, kwa taarifa ya msomaji, ana sifa yake duniani. Katika miaka ya 1950 walichukuliwa perege kutoka Zanzibar hadi kituo cha utafiti cha Malacca, katika Malaysia ya leo. Madume yao yalipozalishwa na majike ya perege waliotoka Java, vifaranga wote walitoka madume. Wafugaji wa samaki walikuwa wakiitafuta njia hiyo kwa muda mrefu, kwani perege wakichanganyika hovyo huzaana mpaka bwawa linajaa samaki wasiokua.)

Jike la samaki wa dhahabu lililojaa mayai nalo huvimba, mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine, lakini linakula, linaogelea vizuri na magamba yamelala. Samaki aliyelishwa kupita kiasi huvimba vivyo hivyo, na kinyesi chake huning'inia kama uzi. Huyu anyimwe chakula siku mbili au tatu, kisha apewe njegere zilizochemshwa na kumenywa ganda. Kwa wanaofuga viumbe wa bahari, dume la farasi-bahari lenye tumbo kubwa lina ujauzito, maana kwao dume ndiye anayebeba. Na bunju akijifura amekasirika tu. Ondoa mkono wako.

Kuusoma uvimbe wenyewe

Ikiwa si mambo hayo, mtazame samaki kwa utulivu ukiwa na taa pembeni, na mtazame pia kutoka juu. Hapo utaona kama uvimbe ni wa mwili mzima, wa tumbo, au wa mahali pamoja.

Uvimbe wa mwili mzima wenye magamba yaliyosimama ndio ule wa figo kushindwa tulioueleza. Sababu yake mara nyingi ni bakteria walioingia damuni baada ya samaki kudhoofishwa na maji machafu, lakini figo zinaweza kuharibiwa pia na vimelea vingine au na amonia yenyewe. Tuseme ukweli: samaki aliyefikia hali hii hupona mara chache. Thamani ya kumtambua ni kuwaokoa wenzake kwa kusafisha maji leo.

Jicho likitoka nje, hesabu. Jicho moja mara nyingi ni kujigonga au kupigana, nalo hupungua lenyewe kwa wiki kadhaa katika maji safi. Macho yote mawili yanarudisha shaka kwenye maji au maambukizi ya ndani.

Uvimbe wa mahali pamoja ndio wenye mengi ya kusema. Ukiwa mwekundu, laini, wenye magamba yaliyobanduka, huenda ni jipu lililotokana na jeraha. Lisikamuliwe, kwani usaha wake utasambaa ndani na katika tangi zima. Ukiona kutoka katikati ya uvimbe kumechomoza kitu kama kipande cha uzi, urefu wa punje ya mchele au zaidi, huyo ni mdudu aliyejichomeka kichwa ndani ya nyama. Huwapata sana samaki wa dhahabu na wale waliotoka madimbwini. Mtu mwenye mkono mtulivu humfunga samaki katika kitambaa kilicholowa, humvuta mdudu kwa kibano karibu kabisa na ngozi, na hupaka pale iodini ya vidonda, bila kuiacha iingie kwenye mashavu. Mayai ya mdudu huyu hubaki majini, kwa hiyo samaki wote wakaguliwe kila baada ya siku chache kwa mwezi mzima.

Vivimbe vyeupe vilivyokusanyika kwenye mapezi mfano wa koliflawa huletwa na virusi. Huwapata samaki wengi wa bahari na baadhi wa maji baridi, ila si jamii ya samaki wa dhahabu. Hakuna dawa yake, na habari njema ni kwamba haihitajiki: maji yakiwa mazuri na samaki asipobughudhiwa, vivimbe hivi hudondoka vyenyewe baada ya wiki au miezi. Samaki wa dhahabu wao wana virusi wao, ambao huacha matone kama nta ya mshumaa juu ya ngozi, nao hawaui.

Wapo pia wenye vipele vigumu chini ya ngozi, vya njano, vyeupe au vyeusi, hasa samaki waliovuliwa kwenye bwawa. Ndani yake wamejikunja minyoo wachanga. Safari yao inafanana na ya kichocho tunachokijua: ndege kama yangeyange hula samaki mwenye minyoo, mayai hutoka na kinyesi cha ndege na kuanguka majini, wachanga huingia ndani ya konokono, kisha hutoka na kumtafuta samaki. Tangi la kioo lisilo na konokono wa bwawani wala ndege halina njia ya kuuendeleza mzunguko huo. Samaki mwenye vipele hivyo hawezi kuwaambukiza wenzake, na kwa kawaida anaishi navyo. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu tunajua watu waliomwaga tangi zima kwa hofu ya ugonjwa ambao usingeweza kuenea.

Samaki wa bahari anayetokeza kinundu chekundu chini ya koo, kati ya mashavu, anaweza kuwa na rovu kama la binadamu. Upungufu wa iodini katika tangi lisilobadilishwa maji ni miongoni mwa sababu zake, na kwa aliye karibu na pwani suluhisho ni kuyabadilisha maji ya bahari mara nyingi zaidi.

Umri nao ni ugonjwa

Uvimbe mmoja, mgumu, unaokua polepole kwa miezi huku samaki akiendelea kula, mara nyingi ni uvimbe wa nyama kuota, yaani aina mojawapo ya saratani au kitu kinachofanana nayo. Hapa ni lazima kujua umri wa samaki. Samaki wa dhahabu anayetunzwa vizuri hupita miaka kumi. Lakini hapa Unguja tuna samaki wetu wa asili ambaye hesabu yake ni tofauti kabisa.

Jina lake la kisayansi ni Nothobranchius guentheri, alilopewa na Mjerumani Georg Pfeffer mwaka 1893. Ni mdogo wa kama sentimita tano, dume lina rangi ya buluu na kijani na mkia mwekundu sana. Hukaa katika madimbwi ya msimu yanayojaa masika na kukauka baadaye. Maji yakikauka wakubwa wote hufa, na mayai hubaki ndani ya tope kavu yakingoja mvua nyingine. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamfuga kwa fahari, na tangu miaka ya 1970 wanasayansi wamemtumia kuchunguza uzee, kwa kuwa uzee wake huja upesi mno: hata katika tangi lenye kila neema, akipita mwaka mmoja hivi ameshakuwa mzee. Sisi tunaompita kando ya barabara za mashamba mara nyingi hatumjui. Basi samaki huyu akianza kuvimba au kupinda mgongo akiwa na miezi kumi na tatu, kumtafutia dawa ni sawa na kutafuta dawa ya mvi.

Matibabu yanayowezekana nyumbani

Mgonjwa atengwe kwenye beseni au ndoo ya lita 20 yenye maji yaliyotulia, pampu ndogo ya hewa na mahali pa kujificha. Kutenga kunatupa nafasi ya kuona kama anakula na kama anapata haja. Kwa samaki wa maji baridi, tiwa chumvi ya kawaida isiyochanganywa kitu, gramu 1 kwa kila lita, yaani kijiko cha chai kimoja kisichojaa sana kwa lita tano. Inaweza kupandishwa taratibu kwa siku mbili hadi gramu 3 kwa lita. Ikishafika hapo isiongezwe, na kila yanapobadilishwa maji irudishwe ile iliyotoka tu. Chumvi hii hupunguza tofauti kati ya mwili na maji, na figo hupata nafuu. Isitiwe kwenye tangi lenye mimea.

Tumbo likiwa limejaa au samaki amefunga choo, chumvi ya haluli inayouzwa maduka ya dawa husaidia: kijiko cha chai kimoja kwa lita 20, kikayeyushwa pembeni kwanza. Chumvi hizi mbili zina kazi tofauti, moja haichukui nafasi ya nyingine. Mpe mgonjwa siku saba hadi kumi kabla ya kusema imeshindikana.

Sasa kuhusu vile vidonge vya rangi mbili, yaani tetrasaiklini. Virusi, minyoo, rovu na uzee havisikii kabisa dawa ya bakteria. Hata pale ambapo bakteria ndio chanzo, dawa hii ikitiwa majini hushikamana na chokaa, na maji yetu kama tulivyosema yamejaa chokaa. Sehemu kubwa haimfikii samaki. Inachoweza kukifikia ni bakteria wema wa kwenye chujio, na hao wakifa amonia inapanda na samaki waliokuwa wazima wanavimba nao. Maji hayo kisha humwagwa mtaroni, na bakteria waliozoea dawa nusu nusu huenda nayo. Dawa hizi hizi ndizo zinazotutibu sisi binadamu. Ikiwa ni lazima zitumike, daktari wa mifugo ndiye wa kuchagua dawa na kipimo, mara nyingi ndani ya chakula na si majini, na ndiye wa kusema perege huyo akae siku ngapi kabla ya kuliwa. Perege aliyevimba, kwa dawa au bila dawa, asipikwe wala asiuzwe.

Inapofika mwisho

Zipo siku ambazo jibu la haki ni kumpumzisha samaki. Viumbe hawa ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwetu, Waislamu na Wakristo tunakubaliana katika hilo, na kumwacha samaki aliyesimama magamba akielea kichwa chini kwa wiki nzima si huruma. Wala kumtupa chooni akiwa hai.

Visiwa vyetu vina dawa yake. Mafuta ya karafuu, yale yale ambayo bibi zetu hutia kwenye jino bovu na ambayo Pemba hukamua kutokana na makonyo, humlaza samaki usingizi. Matone yatikiswe sana na maji ya vuguvugu ndani ya chupa yenye kifuniko hadi yawe meupe kama maziwa, kisha yamiminwe ndani ya chombo chenye samaki. Kiasi cha tone moja kwa lita humlevya tu, na wataalamu hukitumia kumshika samaki bila kumuumiza. Matone kumi kwa lita humpeleka moja kwa moja. Aachwe humo nusu saa baada ya mashavu kusimama, kisha azikwe, mbali na kisima.

Kwa hali yoyote asipelekwe bwawani, awe hai au amekufa. Madimbwi ya yule samaki wetu mwenye mkia mwekundu ni madogo na hayana pa kukimbilia. Ugonjwa mmoja wa dukani au perege wawili waliotupwa humo watayamaliza kwa msimu mmoja.

Tahadhari kwa mwenye tangi

Wapo bakteria wa samaki, wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu, ambao humkondesha samaki, humpinda mgongo, na wakati mwingine humtokeza vidonda na vinundu. Hao wanaweza kumwingia binadamu kupitia mkato mdogo wa kidole na kuleta kidonda kisichopona kwa miezi. Mwenye mchubuko avae glavu. Maji yasivutwe kwa mdomo kwenye mpira. Tunajua ni mazoea ya kila mtu, lakini yaachwe. Na ukipata kidonda sugu mkononi, mwambie daktari kwamba unafuga samaki, maana asipoambiwa si rahisi akifikirie.

Anayetaka uchunguzi zaidi aanze kwa daktari wa mifugo wa wilaya yake. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo hapa Zanzibar tangu 1978, ina wataalamu wa ufugaji wa viumbe wa majini. Ipo pia ZAFIRI, ambayo ni taasisi ya Zanzibar ya utafiti wa uvuvi, na kituo cha kutotolea vifaranga cha Beit el Ras. Kwa upande wa Bara, elimu ya udaktari wa mifugo ipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Kinachowasaidia zaidi wataalamu ni samaki aliye hai mwenye alama, akiwa ndani ya mfuko wenye maji yake mwenyewe theluthi moja na hewa theluthi mbili, na chupa ya pili yenye maji ya tangi peke yake. Akiwa amekufa, awekwe kwenye mfuko wa plastiki, mfuko uwekwe juu ya barafu, na afikishwe siku hiyo hiyo. Samaki aliyegandishwa kwenye friza au aliyeokotwa akielea tangu jana haonyeshi tena kilichomuua. Juu ya mfuko iandikwe tarehe uvimbe ulipoonekana, lita za tangi, idadi ya samaki, na kila kitu kilichotiwa majini, pamoja na vile vidonge ambavyo mwenye tangi anaona haya kuvitaja.